Usimtafute Bwana Hatibu Mombasa

Ndanu mwiitu wakwa, binti yangu,

Kama umenitii ukakaa bila kufungua boksi njiani, sasa mmeshapita Mtito Andei na huwezi kushuka urudi Ikutha kuniuliza maswali. Hiyo ndiyo sababu nimeiweka barua hii chini ya lori lako dogo la mbuzi wa mbao, ndani ya boksi, katikati ya magazeti. Usidhani kuna sababu nyingine ya kiungwana. Nimeogopa uso wako tu.

Mambo ya sweta, mkoba na chakula cha njiani mama yako amekuambia tangu Jumapili, na akirudi na wewe kutoka kusukwa nywele atakuambia tena. Mimi nina saa mbili hivi peke yangu na kalamu ya kuazima, na darasa la saba ambalo nililimaliza mara mbili kwa sababu ya ubora. Kwa hivyo nisome polepole, na ukiona neno limekaa vibaya ujue ni mimi, si macho yako.

Kwanza niseme ninachofikiri kuhusu huo mkutano wenu, ili usije ukadhani nimebadilika. Watu wazima, wengine wana ndevu na watoto, watoke pande zote za Kenya waende Mombasa kuonyeshana magari ya maboksi. Basi lisilobeba mtu. Trekta lisilolima hata mtaro. Huyo Kioko wako wa Nunguni amekaa mwaka mzima akitengeneza trekta la makopo, na shamba la baba yake limejaa magugu ya kufika kiunoni; nimeliona mwenyewe. Na yule msichana wa Matinyani aliyeniambia basi lake lina taa zinazowaka. Nikamuuliza, zinamulika nini? Akasema zinamulika tu. Nilimuaga tu, kwa heshima ya mama yake.

Halafu mnajiita chama. Mna mwenyekiti na katibu. Mbuzi wa Ikutha wakisikia kwamba kuna mtu anaitwa katibu wa magari madogo watacheka mpaka waache kula.

Hivyo ndivyo ninavyosema, na hivyo ndivyo umenisikia nikisema miaka yote. Sasa nikuambie kingine.

Ile karatasi ya mpango niliyokuandikia, yenye ramani, siku ya kwanza mpaka ya nne, ambayo umeikunja vizuri ukaiweka ndani ya Biblia: itoe huko. Si mahali pake. Karibu yote ni uongo.

Siku ya kwanza, nimeandika mfike Mwembe Tayari, mpige kona kwenye duka la vitambaa, muulize nyumba ya Bwana Hatibu rafiki yangu, kila mtu anamjua. Hakuna anayemjua. Siku ya pili, Bwana Hatibu awapeleke Mji wa Kale na ngomeni. Hatawapeleka. Siku ya tatu, mke wa Bwana Hatibu awapikie samaki wa kupaka. Huyo mke sikuwahi hata kumpa jina, kwa hiyo ujue jinsi nilivyokuwa mvivu.

Hakuna Bwana Hatibu, mwanangu. Hajawahi kuwako. Nilimtengeneza mimi, kama wewe unavyotengeneza lori, ila wewe unatumia gundi.

Namba ya simu niliyokupa mwezi jana, ile ambayo umepiga ikakuambia mteja hapatikani, nami nikasema Hatibu ni mtu wa swala, hapendi simu: hiyo ni laini yangu ya zamani. Simu yenyewe ilianguka chooni mwaka ule mvua ilipozidi. Usiendelee kuipiga.

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri mko watatu barabarani, wewe na Kioko na huyo wa Matinyani, usiku utawakuta mjini, na mahali pa kulala palikuwa ni uongo wa baba yako. Pumua. Mahali papo, na nitafika hapo. Lakini lazima nipite njia ya aibu kwanza, na lazima uje nami.

Jana ulipoenda kununua rangi ya kubeba safarini, nilisema mimi ndiye nitapakia lori kwenye boksi. Nikajigamba, kama kawaida, kwamba mtu aliyepanda juu ya lori kusimamisha mbuzi wanaoanguka safarini miaka kumi na moja bila kupoteza zaidi ya watatu anajua kupakia kitu. Nikaligeuza juu chini niweke magazeti chini ya magurudumu. Ndipo nikaona ulichoandika huko chini kwa brashi ndogo, mahali ambapo macho ya watu hayafiki. *Zawadi kwa Bwana Hatibu, aliyeniona kabla ya wote.*

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Mama yako akaingia akaniuliza, "Kwani umeumwa na nge?" Nikamwambia nimechoka. Akasema, "Umechoshwa na nini, boksi?"

Nililala na hayo maneno. Leo asubuhi nikaenda dukani kwa Mama Abdi.

Unajua ninavyomsema Mama Abdi. Nimemsema miaka mingi kwenye lile benchi la kungojea mbuzi: kwamba watu wake walitoka kaskazini na ngamia mmoja na sasa wanatuuzia sukari kwa macho makali, kwamba marehemu mume wake alikuwa na lori bovu na roho ngumu. Lori hilo hilo ndilo lililonilisha, na ndilo lililokulisha wewe. Lakini mdomo ni mdomo. Basi nikasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji.

"Baba Ndanu, ingia au toka, unanizibia mwanga."

Nikaingia. Nikamwambia binti anasafiri kesho, na wenzake wawili, na nataka mahali salama pa kulala Mombasa, kwa mtu anayejulikana.

Akaacha kupima mchele. "Na Hatibu?"

"Hatibu amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

"Bara."

"Bara wapi?"

Ndanu, mimi nimewadanganya askari wa barabarani, madaktari wa mifugo na pasta wetu, lakini yule mama alivyoniangalia juu ya ile mizani, nilishindwa kupata mji wa kumtajia. Nikasema, "Hakuna Hatibu."

Hakushtuka hata kidogo. Akaendelea kupima. "Wallahi nimengoja miaka kumi na sita uniambie hivyo," akasema. "Ile halua uliyokuwa unapelekea mtoto, ya Hatibu kutoka Mombasa, uliinunua wapi?"

Nikaanza kuhesabu pakiti za chumvi.

"Uliinunua hapa. Kwenye hii kaunta. Ukaniambia niifunge kwa gazeti badala ya karatasi yangu, eti ni ya mgonjwa. Mgonjwa gani anakula halua? Na lori la mume wangu lilikuwa linashusha Mariakani. Mariakani, Baba Ndanu. Kutoka hapo mpaka bahari mbuzi angezaa njiani. Ulikuwa unamtembelea Hatibu na miguu gani?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nikupokonye nini? Huna mali. Huyo rafiki ndiye mali yako."

Kisha akapiga simu mbele yangu, kwa lugha yao, akicheka, na nilijua ananicheka mimi. Alipomaliza akaniambia dada yake anaitwa Bi Sahara, ana nyumba Majengo, chumba cha nyuma kina vitanda viwili na godoro, wasichana ndani, huyo mvulana sebuleni, na mlango unafungwa saa tatu. Atatuma kijana wake awapokee Mwembe Tayari, atakuwa ameshika gunia la njano. Namba ya Bi Sahara nimeiandika nyuma ya karatasi hii, na hii si ya chooni. Mpigieni mkifika Voi.

Nilipokuwa natoka akaniita. "Na mbuzi wa mtoto wako miguu yao iko sawa," akasema. "Nilimwona akipita nalo hilo lori. Wewe ulikuwa unasema kwenye benchi ati ni mifupi. Unajua mbuzi wewe?"

Hata nikamwacha na neno la mwisho. Andika tarehe.

Sasa, Mombasa ninayoijua kweli. Usicheke. Ni ya siku moja.

Ulikuwa hujafikisha miaka mitatu. Lori liliharibika Mariakani, springi, na fundi akasema litalala hapo siku mbili. Wenzangu wakalala chini yake. Mimi nikasema mtu mwenye akili yangu hawezi kufika mlango wa Mombasa bila kuingia ndani. Nikanawa uso, nikavaa ile kofia yangu ya kijani, nikaenda. Nilinuka mbuzi kiasi kwamba mtu aliyekaa karibu nami alihama kiti. Nikamdharau. Nilidharau kila kitu siku hiyo. Niliona yale mapembe makubwa ya barabarani nikasema, ni mabati tu, hata ndovu wa kweli hakuhusika. Nilifika feri nikaona watu wakimwagika kama maharagwe kutoka kwa gunia nikasema, na daraja je, wameshindwa? Bahari nayo niliiona. Nilisema kimoyomoyo ni maji mengi yasiyofaa hata kuchemshia mahindi ya muthokoi. Nikajisikia mkubwa sana.

Baadaye nikaingia Mji wa Kale kwa miguu yangu, bila kuuliza mtu, kwa sababu kuuliza njia ni kuonyesha umetoka Ikutha. Vichochoro vile, Ndanu, vimejengwa na mtu aliyekasirika. Nilikwenda, nikakata, nikakata tena, nikajikuta mbele ya mlango ule ule wenye misumari mikubwa ya shaba. Pale kando kulikuwa na mtu wa makamo amekaa barazani, anatengeneza miavuli. Miavuli imefunguliwa kila mahali kama uyoga. Nikapita. Nikarudi mlango ule ule. Nikapita. Nikarudi.

"Bwana mkubwa," akasema, bila kuinua macho, "umepita hapa mara tatu. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Natembea."

"Basi keti hapa utembee ukiwa umekaa. Kahawa ipo."

Mimi nikafikiri: huyu ni mwizi. Hivi ndivyo wanavyoanza. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa huko wanakukaribisha kwa maneno matamu na ukiamka huna viatu. Nilishika mfuko wangu mbele yake, wazi, ili aone kwamba nimemwona. Nikamwambia, "Mji huu ninaujua."

Akacheka kidogo, bila ubaya. "Haya, mwenye mji. Pita."

Nikapita. Na baada ya dakika kama kumi nikarudi mbele ya ule mlango, mara ya nne. Jasho linanitoka na harufu ya mbuzi imeamka upya. Yule mtu aliniona. Hakucheka. Alikuwa ameshika waya wa mwavuli kwa meno, akainua mkono akanielekeza kwa kidole, kushoto. Nikafuata kidole. Hatua hamsini, nikatokea barabarani.

Sikumwambia asante. Sikumuuliza jina. Nilitembea haraka kama mtu aliyeshinda kesi.

Nililala kwenye benchi la steji nikikumbatia viatu vyangu, ambavyo hakuna mtu aliyevitaka. Usiku kucha nilikuwa nafikiria ile kahawa.

Niliporudi nyumbani, baba yangu mdogo Muli, yule aliyekuwa na sauti kuliko wote kwenye boma, akaniuliza mbele ya watu, "Mombasa ulilala wapi?" Nikaona ile baraza na ile miavuli. Nikasema, "Kwa rafiki yangu. Bwana Hatibu." Jina lilikuja lenyewe. Muli akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi sikuwahi kutikisiwa kichwa na Muli tangu nizaliwe. Basi nikamweka Hatibu.

Mwanzoni alikuwa wa kujigamba tu. Hatibu amenipa samaki, Hatibu ana ghorofa. Kisha wewe ukaanza magari yako.

Unakumbuka lile la kwanza, la mkebe wa mafuta ya kupikia, magurudumu ya slipa? Slipa zilikuwa zangu, ulizikata nikiwa nimelala. Ulilileta kwenye benchi tulipokuwa tumekaa wanaume sita tukingojea mbuzi wa mnada. Wote wakaniangalia waone nitasema nini. Nikasema, "Toa takataka hapa." Wakacheka. Wewe hukulia. Uliliokota, ukalifuta vumbi kwa gauni, ukaenda. Nilikuona ukienda mpaka ukapinda kona.

Sikuwa najua kufanya vingine. Baba yangu mimi hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alikuwa anaamini ukimsifu mtoto anaoza, kama embe ukilishikashika. Na kwenye lile benchi mwanaume akisema mtoto wake wa kike ana akili, wanamwita jina mpaka azeeke. Nimewaita wengine majina hayo mwenyewe. Nilikuwa hodari.

Basi safari iliyofuata nikaja na halua, nikakuambia, Bwana Hatibu nimemweleza kuhusu lile gari la mkebe, akasema mtoto aliyefikiria kukunja mkebe hivyo bila kufundishwa na mtu ana mkono wa fundi. Ulirudia hayo maneno wiki nzima. Ulimwambia hata mbuzi.

Huo mkebe nilikuwa nimeuangalia mimi usiku huo wa kwanza, ulipolala. Niliugeuza. Niliona jinsi ulivyokunja makali yasikukate. Hilo ndilo lililonigusa.

Tangu hapo, kila kitu kilichonishinda kusema nilimpa Hatibu aseme. Hatibu alisema basi la kijani lilikuwa zuri kuliko la bluu. Hatibu alikupa pole ulipoanguka mtihani wa hesabu, akasema hata yeye hesabu ilimtesa. Na ile siku Muli aliita kikao, akasema kidato cha pili kinatosha kwa msichana, aje achunge mbuzi, unakumbuka nilivyosimama? Nilisema, "Mimi sina maoni. Lakini Bwana Hatibu, ambaye watoto wake ni mawakili, amesema tukimtoa huyu shuleni tutakuwa kichekesho mpaka Pwani." Muli aliogopa kuwa kichekesho Pwani, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Ukarudi shule. Ningesema ni mimi ndiye ninayetaka, kikao kingecheka kikavunjika.

Nilifikiri nimewashinda wote kwa akili. Jana nimesoma kile ulichoandika chini ya lori, nikaelewa kwamba nimejishinda mwenyewe. Nilikuona kabla ya wote, halafu nikampa mtu asiyekuwako sifa hiyo, na wewe umekaa miezi minane ukichonga mbuzi kumi na wanne wa mbao ya mukau ili umshukuru.

Nimeona pia kile kimtu kidogo juu, kwenye vyuma, kilichoinama kumshika mbuzi aliyelala asikanyagwe na wenzake. Kina kofia ya kijani. Sikuwa nimekiona mpaka jana, kwa sababu nilikuwa naangalia nikitafuta kosa.

Kwa hivyo mpango wako wa Mombasa ni huu, na ni mfupi kwa sababu ni wa kweli. Siku ya mkutano usijifanye mkubwa kama mimi. Ukiona gari la mtu ni zuri, mwambie ni zuri, hata kama ana ndevu. Hilo linanitia kichefuchefu kuliandika lakini liandike mahali. Nendeni feri, mvuke na mrudi, mimi niliangalia tu. Kuleni viazi karai kando ya maji, sikuvila, nilivicheka. Na mkiingia Mji wa Kale mpotee kidogo. Ukiona mlango wenye misumari ya shaba na mtu anayetengeneza miavuli, au mtoto wake, au hata mtu yeyote amekaa barazani, akikukaribisha kahawa, keti. Muulize jina. Mwambie kuna mtu mmoja wa kofia ya kijani, alinuka mbuzi, alipita hapa mara nne, anasema asante. Akikuuliza jina langu, mpe. Mimi sikumpa.

Nimeona pia kwamba ndani ya mkoba umeweka brashi zote na lile jiliwa dogo la kubania mbao. Mtu wa siku nne habebi jiliwa. Sikuulizi. Ukipata huko fundi wa kukuchukua, na Bi Sahara akisema ni mtu wa maana, kaa. Mama yako nitampa habari polepole, kwa mdomo wangu mwenyewe, maana sina tena mtu wa kumtuma.

Lakini hilo lori, Ndanu, waonyeshe, wapige picha, ushinde au ushindwe, usimpe mtu huko. Lirudishe kwenye boksi, ulifunge kamba, umpe dereva wa mbuzi anayerudi Ikutha. Huyo uliyemwandikia atakuwa amekaa kwenye benchi, mbele ya wanaume wote, ameshalipangusia nafasi, na watakapomuuliza gari hilo ni la nani, atawaambia.

Na miguu ya mbuzi iko sawa. Imekuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Ni mimi, baba yako,
Kimeu